Nani Alichangia Hospitali za Usambara?

Barabara ya kutoka Mombo hupanda milima ya Usambara kilomita 33 hadi Lushoto, ikipita Soni. Ukiuliza njiani nani alijenga hospitali za huku, hutakosa kusikia moja kati ya majibu mawili. La kwanza: wamisionari walikuja na fedha zao, wenyeji wakapokea. La pili: babu zetu ndio waliobeba mawe, Mzungu alisimamia tu. Kila jibu lina wenyewe, na wenyewe hawatikisiki. Lakini hesabu iko wapi?

Niliianza safari Lushoto mjini, makao ya wilaya na ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Nilidhani mji mkubwa ndio wenye kumbukumbu kongwe. Haukunifikisha mbali. Enzi za Wajerumani mji huu uliitwa Wilhelmstal, ukawa mji wa serikali, na serikali iliendeshwa kwa kodi. Tangu 1898 kodi ya nyumba ilidaiwa katika koloni. Kodi si mchango. Anayetoa kwa kumwogopa askari hawezi kuandikwa ukurasa mmoja na anayetoa kwa moyo. Basi nyayo za waliotoa kwa hiari zinaanzia wapi?

Zilinitoa Lushoto, zikanipeleka Lutindi, mlimani juu ya Korogwe. Mwaka 1896 palifunguliwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wakaanza kupokelewa wagonjwa wa akili, na hadi leo Lutindi hutajwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Serikali haikuianzisha. Ilianzishwa kwa michango ya Wakristo wa Ujerumani, na kazi ya misheni Usambara ikaja kufungamana na Bethel, kituo cha wagonjwa wa kifafa kule Bielefeld. Bethel yenyewe iliishi kwa vitu vidogo: senti za waumini, nguo kuukuu, hata stempu zilizokwisha kutumika, zikakusanywa na kuuzwa. Kwa hiyo jibu la kwanza lina ushahidi, tena wa maandishi. Mbona basi haliniridhishi?

Haliniridhishi kwa sababu ya maandishi yenyewe. Taarifa za misheni ziliandikwa kwa Kijerumani, zikasomwa na wachangiaji wa kule. Kazi yake ilikuwa kuwashukuru na kuwaomba wasichoke. Aliyetoa senti alistahili kusoma senti yake ilikokwenda. Aliyetoa mgongo wake hakuwa msomaji wa taarifa zile. Sisemi kwamba mwandishi alificha kitu, ila aliandika kwa ajili ya watu wake. Je, ukimya wa karatasi unatosha kuthibitisha kwamba mwenyeji hakutoa chochote?

Nikatafuta shahidi mwingine, nikampata kwenye reli. Mwaka 1896 reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Muheza tu. Ilifika Korogwe 1902. Kwa hiyo Lutindi ilipoanza, kilichotoka pwani kilipanda mlima kichwani na mabegani mwa watu. Hapo nilikaribia kulikubali jibu la pili. Lakini mpagazi kwa kawaida alilipwa ujira, na anayelipwa hawezi kuhesabiwa mfadhili. Jiwe la ujira, jiwe la amri na jiwe la msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, yakishapangwa ukutani hayatofautiani. Sasa ni kipimo gani kitakachoitenga hiari na vingine?

Kipimo nilikiona Mlalo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha huko mpango wa kuhifadhi udongo. Watu waliamriwa kulima matuta kwenye miteremko, tena wakishurutishwa kwa sheria. Wakapinga, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango ukaachwa. Hawa ni watu wale wale waliozoea msaragambo, waliolima njia pamoja na kumsaidia jirani kujenga. Kwa hiyo Mshambaa, mwenyeji wa milima hii, alijua kukataa kazi asiyoiona kuwa yake. Hilo linanipa haki ya kuamini kwamba mahali alipofika na jembe lake bila kusukumwa, alitoa kweli. Hata hivyo, kumkatalia bwana shamba ni jambo moja. Je, kumkatalia mzee wa kanisa au mwenyekiti wa kijiji ni rahisi vilevile?

Vita vilinipa ushahidi mwingine. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka Usambara, na baadaye wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Walirudi katikati ya miaka ya 1920, kisha 1939 vita vikazuka tena na njia ikafungwa upya. Mara mbili mfuko wa Ujerumani ulikatika, na mara zote mbili walimu na wainjilisti wenyeji waliziweka sharika hai. Mwaka 1963 kanisa la huku likawa miongoni mwa makanisa saba yaliyounda KKKT. Lutindi ipo, na hospitali ya Bumbuli ipo. Lakini sitavuka mpaka wa ushahidi: katika vita vya pili Walutheri wa Marekani waliingia kusaidia, kwa hiyo siwezi kudai kwamba wenyeji walibeba mzigo peke yao. Kama hakuna aliyebeba peke yake, mbona kila upande unataka sifa yote?

Nikashika njia ya Bumbuli, inayochepuka Soni, nikiwa na swali hilo. Mchango wa huku hauhitaji kufukuliwa, unaonekana mchana. Jumapili baada ya ibada kuna mnada wa sadaka uwanjani. Mzee wa kanisa anainua jogoo juu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Anayeshinda analipa, kisha anamrudisha jogoo auzwe tena. Baada yake yanafuata maharage, viazi, ndoo ya plamu. Msikitini nako sadaka hutolewa kwa ajili ya mgonjwa bila kuulizwa ni wa dini gani. Na pale gari lisipofika, vijana hupokezana machela hadi barabarani. Hiyo yote ni michango kwa hospitali, lakini ni daftari gani linaloandika mabega?

Halipo, na jambo hilo si la zamani tu. Mpango wa afya ya msingi wa 2007 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Utaratibu unajulikana: wananchi wanapandisha boma, serikali inaezeka na kuleta vifaa na wahudumu. Katika taarifa, mchanga, kokoto na maji waliyobeba akina mama kutoka bondeni hugeuka maneno matatu, "nguvu za wananchi". Mwenye elfu kumi anapata stakabadhi. Mwenye ndoo ishirini za maji anapata nini?

Baada ya kupima yote, nasema hivi. Majibu yote mawili yana ukweli, na yote mawili yanapunja. Fedha ya mbali ilikuja, tena ilitoka kwa watu wadogo wanaostahili heshima. Jasho la mlima nalo lilimwagika, ila hatuwezi tena kujua lipi lilitolewa, lipi lililipwa na lipi lililazimishwa, kwa kuwa hapakuwa na aliyeandika. Hilo haliwezi kurekebishwa kwa Lutindi ya 1896. Kwa zahanati inayojengwa sasa linawezekana: kamati iandike majina, siku za kazi na ndoo za maji kando ya shilingi, na asiyetaka kuja aachwe bila faini, ili neno mchango libaki na maana yake. Daftari la kijiji chako lipo mezani tayari. Je, jina la mama aliyebeba maji limo?