Edward Saidi Tingatinga: Fundi, Mume na Baba

Ukitaja tingatinga mbele ya vijana wa usharika, wengi watafikiria trekta. Wengine watafikiria zile picha za chui na ndege zenye rangi kali wanazonunua watalii. Wachache watakumbuka kwamba Tingatinga alikuwa mtu, na kwamba alipofariki mwaka 1972 aliacha mke na watoto wawili.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika familia ya wakulima. Jina lake limebeba Edward na Saidi pamoja, na msomaji anayetoka kusini hatashangaa. Huko shangazi huenda msikitini, mjomba huenda kanisani, na wote wawili hukutana msibani kupika na kuchota maji bila kuulizana.

Katika miaka ya 1950 alifuata njia ya vijana wengi wa kusini, akaenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Mkonge ndio uliokuwa ukiiletea Tanganyika fedha nyingi za kigeni, ingawa mkataji mwenyewe alibaki na mikono iliyochomwa na miiba. Kutoka Tanga alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa Mzungu, kisha vibarua vya hapa na pale. Darasa la uchoraji hakuliona maisha yake yote.

Alianza kuchora yapata mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka 36 hivi. Wapo wanaotaka kuipamba hadithi hii kana kwamba alitokewa na malaika. Mimi naridhika na sababu ya kawaida: alikuwa akitafuta riziki, na akatumia kilichopatikana. Turubai na rangi za wachoraji wa Ulaya vilikuwa ghali, kwa hiyo alichukua hadibodi, ile inayowekwa darini, akaikata vipande vya mraba. Rangi yake ilikuwa ile ya mafuta ya kupaka baiskeli. Alipaka kwanza ubao mzima rangi moja au mbili, akauacha ukauke, na rangi ya namna hiyo haina haraka. Ndipo akamweka mnyama katikati: tembo, chui, nyati, ndege. Hakupima umbo kama mtaalamu wa vitabu. Chui wake ana madoa mengi kuliko chui yeyote wa porini, na macho yake humtazama anayemtazama.

Picha hizo ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni wengi walikwenda kununua mahitaji yao. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka. Alipata pia kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili, na brashi akaishika baada ya saa za kazi. Mwenye familia anaelewa mpango huo: mshahara ulipe kodi ya chumba, picha ilete kitoweo.

Hapa ndipo Mlutheri anapaswa kusimama kidogo. Mwaka 1522, watu wa Wittenberg walipokuwa wakitaka picha zote ziondolewe makanisani, Martin Luther alirudi kutoka mafichoni akahubiri siku nane mfululizo kutuliza ghasia. Kwake kosa halikuwa picha bali moyo unaoisujudia, na Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534 ilichapishwa ikiwa na picha nyingi. Alifundisha pia kwamba wito si wa mchungaji na mtawa peke yao. Mshona viatu, mama anayembadilisha mtoto nepi, mtumishi wa ndani, kila mmoja humtumikia jirani mahali alipowekwa. Tukifungua Kutoka sura ya 31 tunamkuta Bezaleli, fundi, amejazwa Roho wa Mungu ili achonge na kutengeneza. Ajabu ni kwamba tunamwombea kijana anayekwenda chuo kikuu mbele ya madhabahu, lakini anayekwenda kujifunza ufundi gereji au karakana anaondoka kimyakimya. Simwandiki Tingatinga kama mtakatifu. Namwandika kama mtu aliyekuwa na wito, nasi hatukuwa na jina la kuuita.

Tena hakuufungia ndani. Aliwafundisha ndugu na jamaa zake waliokuja mjini bila kazi: Simon Mpata, January Linda, Adeusi, Ajaba, Tedo. Mwenye biashara mpya hufundisha mshindani kwa shida sana. Yeye aliwakalisha karibu naye, wakajaza rangi, wakajifunza kwa kutazama.

Mwaka 1972 polisi walilidhani gari alimokuwa kuwa ni la wezi, wakafyatua risasi. Alikufa akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Kazi yake yote ya uchoraji ilikuwa imedumu takriban miaka minne, na ndoa yake miwili.

Katekisimu Ndogo, tunayowafundisha watoto wa kipaimara, inaeleza Amri ya Tano kwamba kutokuua ni pamoja na kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake, na Amri ya Nane kwamba mambo ya jirani tuyachukulie kwa uzuri. Amri hizo mbili ziko karibu kuliko tunavyofikiri. Mitaani kwetu neno “mwizi!” likipigwa kelele, mawe huokotwa kabla ya mtu kuuliza jina la anayekimbia. Wanaookota huwa ni pamoja na walioimba kwaya asubuhi ya Jumapili hiyo hiyo. Anayeanguka ana mtu anayemsubiri nyumbani, kama Agatha.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora na kufundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika kinachobeba jina lake. Mpaka leo pale Oysterbay Waislamu na Wakristo huketi bega kwa bega wakipaka madoa ya chui, wakiuza kwa ajili ya kodi ya chumba na sare za shule. Kila mmoja hutia jina lake pembeni mwa ubao, na mnunuzi akifika nyumbani husema amenunua tingatinga.