'Te quiero', 'nakupenda' na safari ya kiambishi kidogo

Majuzi nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha tatu. Mwanafunzi mmoja alikuwa amemwandikia mamake barua: "Mama, mimi napenda wewe sana." Nikapiga mstari mwekundu, nikaandika "nakupenda". Kijana akanifuata hadi nje ya darasa. "Lakini mwalimu, si mama ataelewa tu?" Nilimjibu kwa mkato kwamba sarufi ni sarufi.

Jibu hilo limenisumbua tangu siku hiyo, hasa kwa kuwa jioni mimi hujifunza Kihispania, na historia ya lugha hiyo hainiungi mkono sana.

Mhispania husema te quiero. Te ni kiwakilishi cha mtendwa, nacho hutangulia kitenzi. Hufanya kazi ile ile ya -ku- yetu, ila huandikwa pekee. Kitenzi querer nacho asili yake ni Kilatini quaerere, yaani kutafuta. Maana ikasogea polepole: kutafuta, kutaka, hatimaye kupenda. Kwa hiyo anayenong'ona te quiero, ukichimba asili, anasema "nakutafuta". (Washairi wetu wasiwaonee wivu!) Te amo pia ipo, lakini kwa Wahispania wengi huko kwao ina uzito mkubwa kuliko maneno ya kuagana mlangoni asubuhi.

Sasa hebu tutazame te yenyewe, kwani hapo ndipo penye utamu. Katika Kihispania cha Enzi za Kati haikupenda kufungua sentensi, hivyo aghalabu ilifuata kitenzi. Katika wakati ujao ilijipenyeza katikati kabisa: amar te he. Umbo la leo, amaré, ni muungano wa amar (kupenda) na he (nina), na Antonio de Nebrija aliligusia jambo hilo katika sarufi yake ya mwaka 1492. Kabla sehemu hizo mbili hazijagandamana, te ilipata pa kuketi baina yake. Linganisha na ni-ta-ku-penda. Kufikia karne ya 17 umbo hilo lilikuwa limekwisha kutoweka katika Kihispania. Wareno wangali nalo katika maandishi rasmi, amar-te-ei. Hao ndio walioanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, wakatuachia meza na leso. Hiyo -ku- hawakutuletea wao. Ni urithi wetu wa Kibantu.

Jambo lililonikosesha usingizi ni hili. Leo Mhispania akitaka kusisitiza husema te quiero a ti, sawasawa na "nakupenda wewe". Akiiacha te akasema quiero a ti, masikio ya wenzake yatakataa, kama yangu yalivyokataa "napenda wewe". Lakini zamani haikuwa hivyo! Katika lugha ya kale a ti iliweza kusimama bila te. Urudiaji ulikuwa hiari, ukaja kuwa lazima. Yaani Wahispania walitoka kule anakoelekea kijana wangu wa Nairobi, wakafika hapa niliposimama mimi.

Je, wakuu wa lugha walifanya nini nyakati kama hizo? Akademia ya Kifalme ya Uhispania, iliyoanzishwa mwaka 1713, iliwahi kuteleza vibaya. Watu wa Castilla wamezoea kusema le quiero (nampenda) wakimtaja mwanamume, ilhali wengine, wakiwemo Waamerika ya Kusini wengi, husema lo quiero, umbo lililo karibu zaidi na Kilatini. Mwaka 1796 Akademia iliamua kwamba le pekee ndiyo sahihi. Watu hawakuiacha lo yao ng'o! Baadaye Akademia ikalegeza kamba, na leo inaipendekeza lo, huku ikiivumilia le kwa mwanamume mmoja.

Jumatatu nilimwita yule kijana. Alama sikumrudishia, maana mtahini wa KCSE hatamhurumia. Lakini nilifuta neno "kosa" pambizoni, nikaandika: "Katika Kiswahili sanifu, mtendwa akiwa mtu, kitenzi humtaja: nakupenda." Akalisoma, akauliza kama "nakupenda wewe" ingekubalika. Nikamwambia ndiyo, tena hiyo ina nguvu zaidi. Akaketi pale pale ofisini kuinakili barua upya.