Mkazo wa Utotoni na Sonona ya Ukubwani

Mkazo wa utotoni ni msukosuko wa mwili na akili unaompata mtoto anayepigwa, anayedhulumiwa kingono, anayetelekezwa, au anayekulia katika nyumba isiyokwisha ugomvi. Waliopitia hali hizo kwa muda mrefu huugua sonona ukubwani mara nyingi kuliko wenzao. Sonona yao huanza mapema, hurudi tena na tena, na hushinda dawa kwa urahisi zaidi. Neno lenyewe linatokana na kusononeka, na Kenya wengi husema unyogovu, lakini ugonjwa huu ni zaidi ya huzuni: usingizi huharibika, hamu ya chakula hupotea, nguvu huisha, na hali hiyo hukaa wiki mbili au zaidi bila kuachia. Biolojia inajaribu kueleza jinsi mambo yaliyomkuta mtu akiwa na miaka miwili, umri ambao hata haukumbuki, yanavyoweza kumfikia akiwa na arobaini.

Maelezo huanzia kwenye mfumo unaoitwa mhimili wa HPA. Mtu akishtuka, haipothalamasi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni iitwayo CRH, ambayo mtafiti Wylie Vale na wenzake waliutambua muundo wake mwaka 1981. CRH huiamsha tezi ya pituitari, nayo humwaga homoni ya ACTH kwenye damu. ACTH husafiri hadi kwenye tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo mithili ya kofia, na hapo homoni ya kotisoli hutolewa. Kotisoli hupandisha sukari ya damu ili misuli ipate nguvu, na huahirisha kazi zinazoweza kungoja. Kisha hurudi ubongoni, hushika vipokezi vyake, hasa kwenye sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, na kuuambia mhimili utulie.

Vipokezi hivyo ndivyo breki. Vikiwa vingi, kotisoli kidogo inatosha kuuzima mhimili. Vikiwa vichache, injini huendelea kunguruma hata baada ya hatari kupita. Sehemu kubwa ya utafiti kuhusu mkazo wa utotoni ni utafiti wa breki hizi: nani anazipata nyingi, nani chache, na lini.

Jibu la kwanza lilitoka kwa panya. Mwaka 1957 Mmarekani Seymour Levine alionyesha kwamba panya waliotolewa kiotani kwa muda mfupi kila siku wakiwa wachanga, kisha wakarudishwa, walikua wakistahimili mkazo vizuri kuliko wale ambao hawakuguswa kabisa. Ilikuwa kinyume cha matarajio. Baadaye ilibainika kwamba siri haikuwa mkono wa mtafiti. Watoto waliporudishwa, mama aliwalamba kwa bidii zaidi.

Michael Meaney na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliacha kuwahamisha watoto na badala yake wakawaangalia mama. Mama panya anaponyonyesha huupinda mgongo juu ya watoto ili wazifikie chuchu, na huku akiwalamba na kuwachana manyoya. Wote hufanya hivyo, ila wapo wanaolamba sana na wapo wanaolamba kidogo. Mwaka 1997 kundi hilo lilieleza kwamba watoto waliolambwa sana walipokuwa wakubwa walikuwa na vipokezi vingi zaidi vya kotisoli kwenye hipokampasi, na walitulia haraka baada ya kushtuliwa.

Ilibaki kujua ulimi unaifikiaje jeni. Mwaka 2004 Ian Weaver, Meaney na Moshe Szyf walitoa makala ambayo hadi leo ndiyo inayotajwa kwanza katika fani hii. Jeni inayotengeneza kipokezi cha kotisoli huitwa NR3C1, na mbele yake pana kipande cha DNA kinachofanya kazi ya swichi. Kikundi cha methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu, kikijibandika pale, protini ya kuiwasha jeni hukosa pa kushika. Kwa watoto waliolambwa kidogo, bandiko hilo lilikuwapo karibu kila mara. Kwa waliolambwa sana lilikuwa adimu. Tofauti ilijitokeza ndani ya wiki ya kwanza ya uhai na ikadumu hadi utu uzima. Watafiti walipobadilishana watoto kati ya mama wa aina hizo mbili mara baada ya kuzaliwa, alama ilimfuata mama mlezi, si mama mzazi. Herufi za DNA hazikubadilika hata moja. Mabadiliko ya aina hii, yanayogusa matumizi ya jeni bila kuigusa jeni yenyewe, huitwa ya kiepijenetiki.

Binadamu si panya, na hipokampasi ya mtu aliye hai haikatwi ikachunguzwe. Mwaka 2009 Patrick McGowan na wenzake walitumia ubongo wa marehemu 36 uliohifadhiwa Quebec: 12 waliojiua na waliowahi kudhulumiwa utotoni, 12 waliojiua bila historia hiyo, na 12 waliokufa kwa sababu nyingine. Mabandiko ya methili kwenye NR3C1 yalizidi katika kundi la kwanza peke yake. Kwa hiyo alama hiyo ilifuatana na utoto wa dhuluma, wala si na kujiua kwenyewe.

Kwa walio hai, kipimo cha Christine Heim na Charles Nemeroff huko Atlanta, kilichochapishwa mwaka 2000, kinaeleweka hata kwa asiye daktari. Wanawake 49 walitakiwa kuhutubia mbele ya watu na kufanya hesabu za kichwa, huku damu yao ikipimwa. Waliodhulumiwa utotoni na ambao pia walikuwa na sonona wakati huo walitoa ACTH zaidi ya mara sita ya wanawake wa kundi la kulinganishia.

Alama za methili zimetafutwa pia katika ukanda wetu uliokumbwa na vita. Mjini Goma, Connie Mulligan na wenzake walipima mama 25 na vichanga vyao. Mama walioteseka zaidi wakati wa ujauzito walizaa watoto wenye uzito mdogo na methili nyingi zaidi kwenye NR3C1. Nchini Rwanda, utafiti wa mwaka 2014 uliowahusisha wanawake waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ulikuta alama ya namna hiyo kwa mama na kwa watoto wao waliokwisha kukua. Magazeti hupenda kuziandika habari hizi kana kwamba kiwewe hurithiwa kama rangi ya macho. Hilo halijathibitishwa. Sampuli ni ndogo, vipimo vilichukuliwa kwenye damu badala ya ubongo, na mtoto wa Rwanda aliyekua mikononi mwa mama aliyejeruhiwa hivyo amepokea mengi mbali na yale ya tumboni.

Njia ya pili ya kutoka mkazo wa utotoni hadi sonona hupitia kinga ya mwili. Kotisoli ndiyo hutuliza uvimbe. Vipokezi visipoisikia, uvimbe mdogo huendelea kufukuta. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 wamefuatiliwa hadi utu uzima, na waliotendewa vibaya utotoni walikutwa na viashiria vya juu vya uvimbe wakiwa na miaka 32. Kwamba uvimbe unaweza kuleta sonona si kubahatisha: wagonjwa wengi wa homa ya ini C waliotibiwa kwa intaferoni, dawa inayochochea kinga, walishikwa na sonona katikati ya matibabu.

Dunedin pia ndiko lilikotoka dai la mwaka 2003 kwamba aina fulani ya jeni inayohusiana na serotonini, kemikali ya ubongo, huwafanya watu waelemewe zaidi na misiba. Lilishangiliwa sana. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2019 haukulithibitisha.

Picha ya breki chache na kotisoli nyingi nayo haiwafai wote. Baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, Romania ilionekana imejaza makumi ya maelfu ya watoto kwenye vituo ambamo walilishwa lakini hawakubebwa. Kuanzia mwaka 2000, watafiti wa Marekani waliwagawa kwa kura watoto 136 wa vituo vya Bucharest: nusu wakaenda kwa familia za malezi, nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwapo. Walipofikisha miaka kama 12 na kupewa jaribio la mkazo, walioachwa vituoni walitoa kotisoli kidogo mno, mhimili wao ukiwa umezubaa. Waliopata familia kabla ya kutimiza miezi 24 waliitikia karibu sawa na watoto ambao hawajawahi kukanyaga kituoni.

Kwa mtu mzima, ushahidi wa matibabu una jambo lake la pekee. Katika jaribio lililohusisha wagonjwa 681 wa sonona sugu, ambalo Nemeroff na wenzake walilichambua upya mwaka 2003, wale waliofiwa mapema na mzazi, waliopigwa, waliodhulumiwa au kutelekezwa walipata nafuu zaidi kwa tiba ya mazungumzo peke yake kuliko kwa dawa peke yake. Kuiongezea dawa tiba hiyo kuliwasaidia kidogo tu.