Tusizizike sauti za wazee wetu kwa jina la Kiswahili sanifu

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili alinirudishia juzi kitabu nilichomwazima, uso ameukunja. Kitabu chenyewe ni Barracoon, chake Zora Neale Hurston. “Prof, nimejaribu,” akaniambia. “Hadithi ni nzuri, lakini Kiingereza chenyewe kimevunjikavunjika. Kwa nini mhariri hakukisafisha?”

Nilicheka. Kisha nikanyamaza, kwa sababu swali hilo ndilo lililokifungia kitabu hicho kabatini kwa miaka 87. Isitoshe, mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya. Nitalifikia hilo baadaye.

Leo basi naomba msomaji aniwie radhi, tuziache kidogo ngeli na viambishi. Nataka tuvitazame vitabu viwili vya waandishi weusi wa Marekani vilivyochapishwa katika miaka ya hivi karibuni. Cha kwanza ni hicho Barracoon (2018), ambacho ni simulizi ya maisha ya kweli. Cha pili ni James (2024), riwaya ya Percival Everett. Vyote viwili vinasimulia utumwa. Lakini ukivisoma kwa jicho la mtu wa lugha utaona vinauliza swali moja: aliyedhulumiwa anapofungua kinywa, ni nani mwenye haki ya kuamua maneno yake yaandikwe vipi?

Tuanze na historia yenyewe. Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng’ambo kuanzia Januari 1, 1808. Hata hivyo, mwaka 1860 tajiri mmoja wa Mobile, Alabama, kwa jina Timothy Meaher, alimtuma nahodha William Foster na merikebu iliyoitwa Clotilda hadi Ouidah, katika pwani ya nchi ambayo leo ni Benin. Foster alirudi na mateka takriban 110. Walishushwa kwa siri, kisha merikebu ikatiwa moto ili ushahidi upotee. Mabaki yake yalikuja kutambuliwa mtoni karibu na Mobile mwaka 2019.

Miongoni mwa mateka hao alikuwamo kijana wa miaka kama 19, Oluale Kossola. Askari wa ufalme wa Dahomey walikuwa wameuvamia mji wao alfajiri, wakaua wengine na kuwateka wengine. Ndiyo, Waafrika waliwauza Waafrika wenzao, na kitabu hakilifichi hilo. Kossola alifungiwa pwani katika banda la kuwangojea wanunuzi. Banda la aina hiyo ndilo liitwalo barracoon.

Alitumikishwa Alabama kwa zaidi ya miaka minne, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika mwaka 1865. Baada ya kupata uhuru, yeye na wenzake walitaka kurudi kwao. Nauli hawakuwa nayo. Wakamwomba Meaher, aliyewaleta kwa nguvu, awape angalau kipande cha ardhi. Akakataa. Basi wakafanya vibarua, wakadunduliza senti, wakanunua ardhi na kuanzisha makazi yao wenyewe, Africatown. Makazi hayo yapo hadi leo. Kossola alizaa watoto sita, akawapa kila mmoja jina la kwao na jina la huko. Wote sita walikufa kabla yake. Yeye aliaga dunia mwaka 1935.

Hurston alimwendea mzee huyo mwaka 1927, akiwa mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Franz Boas. Hapa kuna jambo ambalo mashabiki wake hawapendi litajwe. Makala aliyoichapisha mwaka huohuo kuhusu Kossola aliinakili, kwa sehemu kubwa, kutoka kitabu cha mwandishi mweupe, Emma Langdon Roche, kilichotoka mwaka 1914. Huo ni wizi wa kitaaluma, na siutetei. Ninachomheshimia Hurston ni kwamba alirudi. Alikwenda tena Alabama, akakaa na mzee kwa muda wa miezi mitatu hivi, leo amemletea matunda, kesho nyama. Siku nyingine mzee alikataa kabisa kuzungumza kwa sababu alikuwa na bustani yake ya kupalilia. Hurston akasubiri.

Mswada ulikuwa tayari mwaka 1931. Mchapishaji mmoja akasema angeuchukua, ila kwa sharti: maneno ya mzee yaandikwe kwa lugha iliyonyooka, lahaja iondolewe. Hurston akakataa. Mswada ukabaki bila kuchapishwa. Mwenyewe alikufa maskini mwaka 1960, akazikwa Florida katika kaburi lisilo na alama, hadi mwandishi Alice Walker alipolitafuta na kuliwekea jiwe mwaka 1973. Kitabu kilitoka miaka 58 baada ya kifo chake.

Je, Hurston alikuwa mkaidi tu? Mimi naamini alikuwa sahihi, na sababu yangu ni ya kiisimu. Kiingereza cha Kossola alikiokota ukubwani, kwa sikio, katikati ya kazi za suluba. Chini yake kuna lugha ya mama ya jamii ya Kiyoruba. Kila mahali sentensi inapoteguka ndipo lugha mbili zilipogongana, na zimegongana kwa sababu mtu huyu alinyakuliwa na kuvushwa bahari. Ukiinyoosha sentensi hiyo umefuta ushahidi, kama Foster alivyoitia moto merikebu yake. Nasi Wakenya, ambao karibu sote tunaishi katika lugha mbili au tatu, tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili.

Sasa tuje kwa James. Everett ameichukua riwaya maarufu ya Mark Twain ya mwaka 1884 kuhusu mvulana Huckleberry Finn, akampa usimulizi mtumwa Jim. Katika Twain, Jim husema lugha iliyovunjika na msomaji humcheka. Katika Everett, kumbe ile ilikuwa kinyago! Watumwa wakiwa peke yao husema Kiingereza fasaha kabisa. Mweupe akitokea tu, wanaigeuza. James huwafundisha watoto mbinu hiyo kama somo la darasani: hata moto ukiwaka jikoni, usimwambie bibi mweupe moja kwa moja, mwache yeye ndiye aseme pana moto. Kuna pia kisa cha penseli. James anatamani kuandika habari zake mwenyewe, mtumwa mwenzake anamwibia kipande cha penseli, na kwa kipande hicho anauawa. Riwaya hii ilipata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 2024 na Tuzo ya Pulitzer mwaka 2025. Kwa maoni yangu ilistahili.

Hebu tazama sasa. Hurston anasema, msiiondoe lahaja, hiyo ndiyo sauti ya mtu. Everett anasema, lahaja hiyo ni vazi alilovishwa mtu kwa lazima. Je, wanapingana?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Na hapa nina shaka moja na Everett. Akili ya James inadhihirika kwa sababu anasema Kiingereza cha vitabuni na kujadiliana ndotoni na wanafalsafa wa Ulaya. Msomaji asipokuwa mwangalifu atadhani kwamba mtu mwenye lugha sanifu ndiye mwenye fikra. Kossola anaikanusha dhana hiyo kila ukurasa. Ana falsafa ya kifo, ya kupoteza nyumbani na ya kusamehe, na hakuhitaji sarufi ya shule kuieleza.

Lakini kwa undani zaidi waandishi hawa wanakubaliana. Jim wa Twain alipewa lugha na mwingine. James ameichagua lugha yake, na Kossola alisema kwa lugha yake mbele ya mtu aliyekubali kumsubiri. Hoja si sanifu dhidi ya lahaja. Hoja ni nani ameshika kalamu, na kama anamsikiliza anayesema.

Pengine utasema hayo ni ya Marekani, yanatuhusu nini? Angalia tarehe. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, na vitabu vya shule vikawa vinapitia mikononi mwake kupata idhini. Yaani wakati uleule Hurston alipokuwa akiambiwa aondoe lahaja, huku kwetu Kimvita cha Muyaka na Kiamu cha Al-Inkishafi, vyenye ushairi wa tangu jadi, vilikuwa vikisogezwa kando vikawa “lahaja tu”.

Mwaka 1934 kikatoka kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kuhusu watu waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, wakapewa makao Freretown, pale Mombasa. Ukipita Kengeleni utaiona kengele yao hadi leo. Mbotela ametuhifadhia matukio, na tunamshukuru. Lakini wale waliotoka Nyasa na kwingineko bara, wakajifunza Kiswahili ukubwani kama Kossola alivyojifunza Kiingereza, walikisemaje? Kiswahili chao cha miaka ile ya kwanza sijakiona kimenukuliwa popote.

Na sasa deni langu. Katika miaka ya themanini, nikifanya utafiti wa uzamili, nilikwenda Matondoni, Lamu, na kinasasauti cha kuazima. Mzee mmoja, fundi wa kuunda majahazi, alinisimulia kwa siku tisa habari za safari, za ujenzi wa vyombo na za mababu zake. Niliporudi Nairobi niliketi kunukuu kanda zile. Mzee aliposema “ndia” nikaandika njia. Aliposema “mato” nikaandika macho. “Yana” ikawa jana. Sentensi zake ndefu nikazikatakata, marudio yake nikayafuta. Hakuna aliyeniamuru. Niliona haya watahini waione kazi yangu ikiwa na “makosa”. Kanda zenyewe zilikuwa ghali siku zile, kwa hivyo nilipomaliza nikazitumia tena kurekodia mihadhara.

Miaka michache iliyopita mjukuu wa mzee yule alinitafuta hadi ofisini. Alikuwa amesikia kwamba nina sauti ya babu yake. Nikamweleza kwamba kanda hazipo, nikampa tasnifu. Akaisoma palepale, kurasa tatu au nne, kwa adabu sana. Kisha akaifunga na kuniambia, “Profesa, habari ni za babu. Lakini huyu anayesema humu simjui.”

Sikuwa na la kumjibu. Hadi leo sina.

Nisieleweke visivyo. Nimefundisha Kiswahili sanifu maisha yangu yote, na nitazidi kukifundisha. Mtahiniwa akiandika “mato” katika insha ya mtihani, mwalimu ana haki ya kumsahihisha. Taarifa ya habari na sheria zinahitaji lugha inayoeleweka Mombasa, Busia na Kigoma. Lakini ushahidi wa mtu si insha, na kumnukuu si kusahihisha.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu kwa watafiti wetu chipukizi na wasimamizi wao. Mosi, nukuu kama ilivyosemwa, halafu weka sherehe ya maneno magumu pembeni au mwishoni. Pili, hifadhi sauti yenyewe. Simu uliyo nayo mfukoni ni bora kuliko kinasasauti changu, na huna kisingizio cha kanda ghali. Tatu, kabla ya kuchapisha, msomee mwenyewe au jamaa zake. Wakikuambia hawamjui anayesema, rudi ukaketi tena, kama Hurston alivyorudi Alabama. Haya yanawahusu pia wanaoandika mazungumzo ya vijana wetu kwa Sheng. Wasiwasafishe, na wasiwabuni.

Mwanafunzi wangu nilimrudishia kitabu chake. Nilimwambia asikisome kwa macho peke yake bali atamke kwa sauti, polepole, akiwa ameketi mahali pa utulivu, kana kwamba yuko barazani na mzee. Hajanirejeshea mpaka sasa, nami simdai.