Sambaza, mwezi na mfuko wetu: ziara ya kiangazi sokoni Ihusi



Kiangazi hiki kamati yetu ya mikopo ilifunga safari kutoka Kavumu mpaka Ihusi, ule mji mdogo wa kando ya Ziwa Kivu katika teritware ya Kalehe. Njia wote tunaijua: unatoka Kavumu, unapita Katana, unaendelea kaskazini huku ziwa liko mkono wa kuume. Hatukuenda kutembea tu. Wafadhili wametuuliza zaidi ya mara moja: kwa nini wamama wanaouza samaki wanalipa mkopo vizuri wiki tatu, halafu wiki moja marejesho yanashuka, kisha yanapanda tena? Jibu tulilikuta sokoni, na mizizi yake iko ndani ya historia ya ziwa lenyewe.

Samaki aliyeletwa

Leo ukisema Ziwa Kivu, mtu anafikiri sambaza. Kumbe babu zetu hawakumjua samaki huyo. Ziwa lina kina cha mita 485, lakini ukishuka zaidi ya mita 60 au 70 maji hayana oksijeni, yamejaa gesi, na samaki hawezi kuishi huko. Watu walivua karibu na ukingo. Katikati ya ziwa, penye maji mengi, hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea juu.

Chini kwetu, Ziwa Tanganyika lilikuwa na ndagala tele. Mto Ruzizi unaunganisha maziwa haya mawili, ila unashuka karibu mita 700 kupitia mabonde na maporomoko, na ndagala hawezi kupanda. Kati ya 1958 na 1960, watumishi wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji waliwabeba ndagala wachanga kutoka Tanganyika wakawamwaga Kivu. Walileta aina mbili. Waliyemtegemea zaidi, Stolothrissa, hakuishi. Aliyeishi ni mwenzake, Limnothrissa, na njo huyu tunamwita sambaza.

Tarehe 30 Juni 1960 uhuru ukafika, na miaka ya misukosuko ikafuata. Karibu miaka 20 ilipita bila uvuvi wa maana wa samaki huyo. Ni mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo mradi uliosaidiwa na FAO, huko Gisenyi upande wa Rwanda, ulipoanza kufundisha kuvua sambaza kwa taa, na miaka ya 1980 kazi hiyo ikaenea. Mtu aliyechungulia ziwa mwaka 1965 angesema mradi ule ulishindwa. Leo nyumba ngapi zinasomesha watoto kwa sambaza?

Taa na mwezi

Sambaza anavuliwa usiku. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa. Mwangaza unavuta vijidudu, vijidudu vinavuta sambaza, na wavuvi wanainua wavu. Asubuhi na mapema samaki wako ukingoni ndani ya mabeseni, na pikipiki zinakimbiza mali mpaka Katana, Kavumu na Bukavu.

Sasa, kazi hii inataka giza. Mwezi mpevu ukiwaka, ziwa lote linakuwa na mwangaza, samaki wanatawanyika na taa ya mvuvi haina nguvu. Siku hizo mitumbwi mingi inabaki ukingoni. Wamama wa Ihusi wanasema kwa kifupi: « Mwezi ikiwaka, beseni inalala. »

Njo hapo jibu lilipo. Mwezi wa mbinguni unazunguka kwa siku 29 na nusu, haufuati kalenda ya ofisi. Wiki ya ukavu inahama: mara iko mwanzoni mwa mwezi, mara mwishoni. Kwenye ripoti inaonekana kama uvivu au ukaidi. Sokoni ni jambo ambalo hata mtoto anajua.

Soko la kiangazi

Kuanzia mwezi wa sita mpaka mwanzo wa tisa, mvua inapokata, soko linabadilika sura. Mitumbwi kutoka Idjwi inashusha mananasi. Maharagwe ya mavuno yanajaa. Na pembeni unaona sambaza wametandazwa juu ya mahema na vichanja, wakikauka juani.

Hapa tulijifunza tofauti kati ya muuzaji na muuzaji. Asiye na mtaji anachukua beseni asubuhi kwa deni, na jioni lazima amlipe mwenye mtumbwi. Lazima auze wabichi siku hiyo hiyo, kwa bei yoyote, maana wakioza deni halifutwi. Wiki ya mwezi mpevu hana cha kuuza, anakula mtaji wa mkopo wetu. Mwenye pesa kidogo mkononi ananunua samaki wakiwa wengi, anaanika, anaweka. Mwezi ukiwaka, yeye njo ana mali, na bei iko juu.

Tulikumbuka pia Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya kandokando ya ziwa hili hili. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yalivifagia, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Walikufa watu zaidi ya 400, na wengi hawakuonekana tena. Waliobaki walipoteza watu, nyumba na mtaji kwa mara moja. Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini tunajua maana ya kuanza na mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo ukimpa mkopo wenye tarehe ngumu, unamrudisha kwenye deni la asubuhi na jioni.

Tunachopendekeza

Kwa mkutano mkuu ujao kamati inaleta mambo mawili. La kwanza: mikopo ya wauza sambaza ya wiki 12 ilipwe kwa awamu 9, na wiki 3 za mwezi mpevu zisihesabiwe. Jumla ya pesa inabaki ile ile. Hatusamehe deni, tunapanga siku tu. La pili: sehemu ya mfuko itolewe mwanzo wa kiangazi kwa kununua mahema na miti ya vichanja, ili kila kikundi kiwe na akiba ya wakavu.

Wafadhili tunawaomba kitu kimoja: ripoti zetu mzisome kwa mzunguko wa mwezi wa mbinguni. Mkisoma hivyo, mtaona wamama hawa wanalipa. Wanachama, mje na maoni yenu, hasa ninyi mnaoamka saa kumi za usiku kungoja mitumbwi.