Japani: Kambi za kifahari vijijini na kazi za mikono zinazotafuta warithi

Katika vijiji vingi vya milimani nchini Japani, ambako shule zimefungwa na nyumba zimebaki bila wakazi, mahema makubwa yenye vitanda, mazulia na taa za umeme yamejitokeza kando ya mashamba ya mpunga. Wajapani huuita utalii huu gurampingu, yaani kupiga kambi bila kuacha starehe. Mgeni husikia mto na vyura usiku kucha, lakini hakosi godoro laini, bafu wala mpishi. Mchana hufundishwa kutengeneza karatasi, kutia nguo rangi ya nili au kukoroga chai kwa taratibu za jadi.

Asili ya wazo

Kulala hemani kwa anasa si jambo geni katika historia ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20, matajiri wa Ulaya na Marekani waliokuja kuwinda walifuatana na wapagazi waliowabebea vitanda, mabeseni ya kuogea na vyombo vya mezani. Msafara wa Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 muda mfupi baada ya kumaliza urais wa Marekani, ni mfano unaojulikana zaidi.

Nchini Japani, familia nyingi zilipenda kwenda kambini kwa gari katika miaka ya 1990, zikibeba mahema na majiko yao wenyewe. Sura ya kifahari ilipata umaarufu baada ya mwaka 2015, ilipofunguliwa Hoshinoya Fuji katika mji wa Fujikawaguchiko, mkoani Yamanashi. Huko wageni hawalali hemani, bali katika vyumba vyenye roshani zinazotazama Ziwa Kawaguchi. Janga la korona lilipoingia mwaka 2020, Wajapani walioepuka misongamano walizidi kukimbilia maeneo ya wazi.

Dakika chache za mgeni, miezi ya fundi

Shughuli inayopendwa sana ni kutengeneza washi, karatasi ya jadi ya Japani. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ufundi wa karatasi za aina tatu: Sekishu-Banshi ya mkoa wa Shimane, Hon-minoshi ya Gifu na Hosokawa-shi ya Saitama.

Mgeni hupewa chekeche la mwanzi, akalichovya katika pipa la maji yenye nyuzi, akalitikisa mbele na nyuma hadi utando mwembamba utande juu yake. Kazi hiyo huisha kwa dakika chache. Kabla yake, hata hivyo, matawi ya kozo, mti wa jamii ya mforosadi, yamekatwa wakati wa baridi, yakafukizwa kwa mvuke na kuambuliwa maganda. Maganda hayo yamechemshwa, yakachambuliwa taka moja moja kwa vidole ndani ya maji baridi, kisha yakapondwa. Maji ya pipa nayo yametiwa ute wa mizizi ya tororo-aoi ili nyuzi zisizame upesi. Mgeni anapofika, kazi karibu yote imekwisha kufanyika.

Ndivyo ilivyo pia kwa nili ya mkoa wa Tokushima. Majani yaliyovunwa majira ya joto hukaushwa, hurundikwa, hunyunyiziwa maji na kupinduliwa kwa takriban siku 100 hadi yachachuke na kuwa sukumo, malighafi ya rangi hiyo. Mgeni huchovya kitambaa, hukitoa kikiwa na rangi ya kijani kibichi, na kukishuhudia kikigeuka buluu kinapokutana na hewa.

Sherehe ya chai ina funzo jingine. Sen no Rikyu, bingwa wa chai aliyefariki mwaka 1591, alipendelea kibanda kidogo chenye mlango mfupi, ambao hata shujaa wa vita aliupita kwa kuinama, upanga ukiwa umeachwa nje. Katika fikra hiyo, heshima ya mgeni ilitokana na umakini wa mwenyeji kuliko wingi wa vitu.

Kwa nini vijiji vinahitaji wageni

Idadi ya watu wa Japani imekuwa ikipungua tangu kilele cha mwaka 2008, na karibu watu 3 kati ya kila 10 wana umri wa miaka 65 au zaidi. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2023 ulihesabu nyumba tupu zipatazo milioni 9. Wakati huohuo, mwaka 2024 nchi hiyo ilipokea wageni wa kigeni milioni 36.87, wengi wao wakijazana Tokyo, Kyoto na Osaka. Kuwavuta hadi vijijini ni shabaha ya serikali na ni tumaini la wenyeji.

Tumaini hilo lina mipaka. Fedha za kambi humfaa fundi iwapo analipwa kwa ujuzi wake na iwapo kozo na majani ya nili yananunuliwa kwa wakulima wa jirani. Kijana wa kijijini akiona kwamba ufundi wa bibi yake unalisha nyumba, huenda akabaki kujifunza. Lakini fundi akiitwa mara chache tu kuwaburudisha wageni, naye hana mwanafunzi wa kudumu, ujuzi wake utaondoka naye hata kama mahema yamejaa.

Kwa anayepanga safari

Bei kwa kawaida huhesabiwa kwa kila mtu, mara nyingi pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi. Mabasi ya vijijini ni machache, hivyo ni vema kuuliza mapema iwapo kambi hupokea wageni kituoni. Viatu huvuliwa kabla ya kukanyaga mikeka ya tatami, na baadhi ya mabwawa ya chemchemi za maji moto hayaruhusu watu wenye chale za rangi mwilini. Chakula kisichachwe nje usiku, kwani milima mingi ina dubu.

Swali moja zaidi linafaa kuulizwa kabla ya kulipa: anayefundisha ni nani, na kazi yake ya siku nyingine ni ipi? Mwenye kambi anayelijibu kwa urahisi kwa kawaida anamfahamu fundi wake, na mgeni hupata nafasi ya kuona karakana yenyewe, si meza ya maonyesho peke yake.