Fundi wa Kericho: Tarehe ya Joginder Singh na Watu wa Spana

Joginder Singh alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Wakenya waliokuwa watoto miaka ya sitini na sabini walilijua jina lake kama walivyojua majina ya mawaziri. Alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1965, akarudia 1974 na 1976, na hakuna dereva aliyefikisha ushindi mara tatu kabla yake. Magazeti yalimwita Simba wa Kenya. Mimi nataka aandikwe kwanza kama fundi, mtoto wa wahamiaji, mzaliwa wa mji mdogo wa mashambani. Simba huyo alilelewa na gereji.

Tarehe yake inaanzia mbali kidogo. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, Waingereza walileta vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakitoka Punjab. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Wafanyakazi kama 2,500 walikufa kazini, kwa maradhi, ajali, na kwa simba wa Tsavo ambao ndio wanaokumbukwa kuliko marehemu wenyewe. Waliosalia wengi walirudi kwao. Elfu sita na zaidi wakabaki. Miongoni mwa Makalasinga, yaani Masikh, waliobaki, na waliowafuata baadaye, walikuwamo Waramgarhia, jamii ambayo kazi yake tangu mababu ni useremala na uhunzi. Watu hawa ndio walioshika misumeno, fuawe na mashine za reli. Hekalu la Makalasinga la Makindu, lililojengwa 1926 kando ya njia ya reli, linawalisha wasafiri bure hadi leo.

Kwa nini walibaki na nyundo na hawakuwa wakulima, ilhali Punjab ni nchi ya wakulima? Jibu ni sheria ya mkoloni. Ardhi nono ya nyanda za juu ilitengewa Wazungu, na Mhindi hakuruhusiwa kumiliki shamba huko. Alichoachiwa ni kiwanja mjini. Basi katika kila mji mdogo uliochipuka njiani pakawa na duka la Mhindi, na si mbali na duka pakawa na karakana ya Kalasinga anayechonga milango, anayechomelea majembe ya trekta, anayetengeneza mashine za kusaga mahindi. Mwafrika naye aliporwa ardhi hiyohiyo kwa mkono mzito zaidi, kisha akaajiriwa katika karakana hizo kwa ujira mdogo. Hilo halifai kufichwa katika tarehe ya ufundi wa Kenya, kwa maana wengi waliojifunza spana walijifunza katika hali hiyo.

Baba yake Joginder, Sardar Battan Singh, alikuwa mmoja wa wahamiaji hao wa Punjab, naye akafungua gereji Kericho. Wakati huo Kericho yenyewe ilikuwa inabadilika. Makampuni makubwa ya Kiingereza yalianza kupanda chai huko katikati ya miaka ya ishirini, na chai haingoji: majani yaliyochumwa asubuhi lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo. Kwa hiyo malori yalihitajika, na barabara za Kericho, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ziliyala malori hayo. Springi zilikatika, klachi ziliungua, magurudumu yalizama kwenye tope hadi kwenye ekseli. Hakuna chuo cha ufundi ambacho kingemfundisha kijana kazi ya gari la Afrika kama mji ule ulivyofundisha.

Joginder alikulia humo, katika familia kubwa ya watoto wengi, akijua sauti ya injini inayougua kabla boneti haijafunuliwa. Alianza kama vijana wote wa gereji, kwa kumpa fundi spana, kuosha vyuma kwa petroli na kulala chali chini ya gari. Mwishoni mwa miaka ya hamsini aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kama mhudumu wa barabarani, yule anayezunguka kuwasaidia madereva waliokwama. Kazi hiyo ilimpeleka mahali ambapo magari hufia, akiwa na kisanduku cha vyombo na akili yake tu.

Mwaka 1959 akaingia Safari kwa mara ya kwanza. Mbio hizo zilikuwa zimeanza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na zilikuwa mchezo wa walowezi. Zilikimbiwa wakati wa Pasaka, masika yanapoanza, katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kilomita kama 5,000 za vumbi linaloziba pumzi na udongo mweusi unaonata. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, saba tu yakamaliza. Katika mbio za namna hiyo, anayejua kutengeneza ana nafasi kuliko anayejua kukimbiza.

Ushahidi ni mwaka 1965. Kampuni ya Volvo ilikuwa imeleta timu yake rasmi mwaka uliotangulia, ikashindwa vibaya. Moja ya magari hayo, PV544 lililokwisha kupigwa na barabara, likanunuliwa na Joginder na mdogo wake Jaswant. Ndugu hao walilifumua na kuliunda upya. Walipangiwa namba moja, wakatangulia kuondoka, na waliporudi Nairobi walikuwa wamempita mshindi wa pili kwa saa moja na dakika 40 hivi. Gari ambalo wenye kiwanda walishindwa nalo, watoto wa gereji ya Kericho walilishindia. Kwangu huo ndio ushindi mkubwa kuliko yote ya Safari, na sijali ni nani aliyekwenda kasi zaidi miaka ya baadaye.

Mwaka 1974, akiwa na David Doig katika Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6, alikabiliana na Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche 911 yenye nguvu kuliko gari lake. Waldegård alitangulia, kisha sehemu ya nyuma ya Porsche ikavunjika. Lancer ikafika. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena, na magari ya Mitsubishi yakachukua nafasi tatu za kwanza. Wajapani walijijengea jina duniani kwa ushindi kama huo, na sehemu ya jina hilo ni jasho la fundi wa Kericho.

Alikimbia Safari 22 mfululizo, hadi 1980, akamaliza 19. Hesabu hii naithamini kuliko vikombe. Kumaliza ni kazi ya mtu anayelihurumia gari, anayejua lini alilegeze na lini alisukume, na ambaye likivunjika hasubiri kusaidiwa. Alifariki London Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Gereji za Makalasinga katika miji midogo zimepungua sana. Baada ya uhuru wengi wao walihamia Nairobi, Uingereza na Kanada, na vijana wa Kiafrika waliokuwa wakiwashikia spana wakafungua za kwao chini ya miti na kando ya barabara, ambako mafundi wa jua kali wa leo walikopata sehemu ya ujuzi wao. Hawa hawana vikombe, na majina yao hayamo katika kitabu chochote. Wewe unayesoma, ikiwa babu yako alikuwa fundi au turniboi Kericho, Nakuru, Eldoret au Kisumu, Mhindi au Mwafrika, keti naye leo. Andika jina la aliyemfundisha kazi, mwaka na mji, na gari la kwanza alilolifufua.